Mkia wa Neno

Mimi Lwanyaga, niliyejifunza Kiswahili
chini ya pembe za ndovu, njia ya Tabora,
kwenda na kurudi mara nne,
niliitwa Mengo mwaka uliofuata sotoka
kutafsiri kesi ya pande mbili
ambazo zote nilikwisha kula kwao.

Upande huu, Shebwana bin Muhadhi wa Pangani,
kanzu imefuliwa hata nyuzi zinahesabika,
hati yake ndani ya mwanzi uliozibwa nta.
Upande ule, baraza la wilaya, watu kumi na mmoja
na sauti moja: ya Ssebowa, mtunza ghala.

Kilichogombewa ni daraja.
Si la mawe. Tuta la mikindu na mafunjo
juu ya kinamasi tukiitacho Kanywamagulu,
kwa kuwa hunywa miguu, na aliyeivuta mara nyingi
hujifunza kutembea kama korongo.

Shebwana alitia majora mia mbili ya merikani
na majembe arubaini ya chuma,
apate kete mbili kwa kila mzigo uvukao,
masika saba.
Masika ya pili mtu wake akafukuzwa langoni.
Lango likabaki.
Kete mbili nazo zikabaki,
zikabadili mfuko tu.

Ssebowa akasimama, mbugo ikaanguka begani, hakuijali.
“Barabara ni ya Kabaka. Nani hukodisha mgongo wa mfalme?
Mgeni alitupa zawadi, nasi tukampa mbuzi wawili.
Wanawake wetu walikata mafunjo,
wawili wakazama hata nywele zisionekane.
Kete zao hao, nani kazihesabu?”

Kwa hilo hata Shebwana aliinamisha kichwa.
Kisha akasema, nami nikasema nyuma yake:
“Mbuzi niliwala, sikatai.
Lakini mbuzi si malipo.
Dawa ya deni kulipa.”

Hati ikatolewa mwanzini.
Mahakimu watatu waliigeuza juu chini, chini juu,
mmoja akainusa.
Mle barazani aliyejua herufi zile ni mdai mwenyewe, na mimi.
Ndipo yule wa katikati akaniuliza,
si kama ulimi wa mwingine, kama mtu:
“Siku ile ya makubaliano, wewe ulitamka neno gani?”

Kwetu *okuwa* ni kupa.
*Okuwola* ni kukopesha.
*Okuwoza* ni kujitetea mbele ya hakimu.
Mjusi ni yuleyule, mkia ndio unaogeuka,
na siku ile, pombe ya ndizi ikiwa bado na povu,
Shebwana akisema “nawakopesha”,
mimi niliukata mkia.
Nikasema: anawapa.
Watu kumi na mmoja wakapiga makofi,
naye akadhani wanashangilia mkataba.

Je, nilichoka? Nilikuwa nimesema tangu alfajiri.
Hivyo ndivyo ninavyojiambia usiku, na usiku hunisikiliza
bila kuitikia.

Nikawajibu mahakimu kwa Kiganda: “Sikumbuki.”
Kisha nikamgeukia Shebwana
na kwa uaminifu wote wa kazi yangu
nikamtafsiria:
“Hakumbuki.”

Hukumu ilitoka kabla jua halijafika utosini.
Merikani imekwisha kuvaliwa, haidaiwi.
Majembe yarudishwe.
Na Shebwana avuke bure daraja lile
siku zote za uhai wake.

Asante ya kuvuka bure, kwa mtu asiye na mzigo tena!

Majembe yaliletwa, yamelika, mengine mafupi kama kijiko.
Akayahesabu mwenyewe, kwa kidole, polepole.
Thelathini na tisa.
Akayatazama. Akanitazama.
Hakusema neno lolote la kutafsiriwa.

La arubaini liko kwangu, darini, katika majani makavu ya migomba.
Alinikabidhi Ssebowa jioni ile ile ya makofi.
Halijagusa udongo.
Bado lina makali.